Kompyuta ya dada haikuwa imezeeka

Kila aliyeiona kompyuta ya dada yangu wakati ule alisema imezeeka, na mwenyewe alishaanza kuamini. Alikuwa anaandika tasnifu yake ya uzamili. Asubuhi aliiwasha, akaenda kuoga, akarudi na kukuta vidirisha bado vinajitokeza kimoja baada ya kingine, kishale kimegeuka kiduara kinachozunguka. Akibofya faili la tasnifu, kimya. Akibofya tena, kimya. Kisha ghafla linafunguka mara mbili.

"Niambie ukweli tu," alisema, "nianze kutafuta hela ya nyingine?"

"Subiri kwanza, dada. Acha niione inavyoamka."

Niliizima, nikaiwasha, nikakaa mbele yake bila kugusa kitu. Kompyuta nzito haifai kubofywabofywa, maana kila mbofyo unaongeza kazi kwenye foleni. Windows 10 yenyewe ilifika kwenye nenosiri bila shida. Uzito ulianza baada ya dada kuingia kwenye akaunti yake: taa ya diski iliwaka mfululizo, haipepesi. Hapo nilipata dalili ya kwanza. Kama mfumo unaamka vizuri kisha mambo yanakwama mtumiaji anapoingia, basi kuna kitu kinachoamka pamoja naye.

Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha la kusimamia kazi lilichelewa nalo, lakini lilipofunguka lilisema yote. Kichakataji hakikufika hata robo ya uwezo wake. RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya programu zilizo wazi, ya GB 4 ilikuwa karibu kujaa. Diski: asilimia 100.

Ilikuwa diski ya kuzunguka, mizunguko 5,400 kwa dakika. Vichwa vya kusomea kwenye diski za aina hiyo husogea vyote kwa pamoja, kwa hiyo programu nyingi zikidai mafaili madogo kwa wakati mmoja, muda mwingi unaishia kwenye kusogea huku na huku badala ya kusoma. RAM nayo ikijaa, Windows huhamishia sehemu ya data kwenye diski ileile. Mzigo unakuwa maradufu. Faili la dada lilikuwa linasubiri zamu nyuma ya umati ambao yeye hakuualika.

Na umati huo ulikuwa na majina. Kwenye dirisha lilelile, katika kichupo cha programu zinazoanza zenyewe, tulikuta msaidizi wa printa ambayo dada alishaigawa zamani, kicheza muziki, programu ya gumzo aliyoisahau, na antivirusi mbili: moja ya majaribio iliyokuja na kompyuta, nyingine aliyoisakinisha mwenyewe. Mbili hizo zilikuwa zikikagua mafaili yaleyale kwa wakati mmoja. Kilichoniudhi zaidi ni programu iliyojitangaza kuwa inaongeza kasi ya kompyuta. Ndiyo iliyoandikwa kuwa na athari kubwa kuliko zote wakati wa kuwaka! Iliingia pamoja na kigeuzi cha PDF cha bure, kupitia kisanduku kilichokuwa kimeshawekewa tiki. Mpaka leo naona huo ni udanganyifu wa wazi dhidi ya mtu aliyetaka tu kugeuza hati zake.

Tuliipitia orodha pamoja, nikimuuliza kila moja anaitumia au la. Dada alitaka tuzime kila kitu. Nilikataa. Viendeshi, yaani programu zinazoendesha sauti na padi ya kugusa, vilibaki, antivirusi moja ilibaki, na ile programu inayonakili tasnifu yake kwenye hifadhi ya mtandaoni sikukubali kabisa iguswe, hata kama nayo ilikuwa na uzito wake. Nilimweleza pia kwamba kuzima hapa si kufuta. Programu inabaki, ila itaamka pale tu atakapoifungua. Hapo mkono wake ukawa mwepesi.

Tulipoiwasha upya, nafuu ilionekana. Lakini ile ya "kuongeza kasi" ilikuwa imerudi.

Kichupo kile hakionyeshi kila mlango. Programu inaweza kujiwasha kama huduma inayofanya kazi chinichini, au ikajipangia ratiba kwenye kipanga kazi cha Windows. Nilipakua Autoruns, zana kutoka Sysinternals, mkusanyo wa zana za Windows, iliyoandikwa na Mark Russinovich na Bryce Cogswell, ambayo hukusanya milango hiyo yote mahali pamoja. Ukificha vitu vya Microsoft vyenyewe, orodha inabaki fupi na ya kusomeka. Tukamkuta mgeni wetu kwenye kazi zilizoratibiwa, amejipangia kuamka kila mtumiaji anapoingia. Tuliiondoa programu nzima, tukaifuta na ratiba iliyobaki nyuma, kisha tukaitoa kabisa antivirusi ya majaribio, maana huduma yake ingeendelea kuwaka hata baada ya kuizima kwenye kichupo.

Safari hii taa ya diski iliwaka kidogo, ikaanza kupepesa, ikatulia. Dada alibofya faili mara moja tu na sura ya nne ikafunguka. Aliandika hadi jioni kwenye kompyuta ileile.

Baadaye alinipigia simu. "Kuna programu ya picha nimesakinisha jana, leo naikuta kwenye ile orodha. Nimeizima. Sijaharibu kitu?"

Nikamwambia hapana, itaamka akiihitaji.