Siku moja maishani mwangu: mimi, Gredi 6 na takataka za Gede

Saa 11 alfajiri. Nishaswali, na badala ya kurudi kitandani niko uani na ndoo za mchanga. Majirani hapa Malindi washazoea, mama wa mahamri ananiuliza tu "mwalimu, leo wazika nini?" Nazika sanduku. Chini vigae vya chungu na mifupa ya samaki, halafu mchanga mwekundu, halafu shanga na vipande vya sahani ya buluu, halafu mchanga mweupe wa baharini, juu kabisa kizibo cha soda. Cha chini ndicho kilichotangulia, hiyo ndiyo akiolojia yote, yaani kuisoma ya kale kwa kuchimba, kama una haraka.

Saa 2. Darasani. Tumefunga uzi juu ya sanduku miraba miraba, kila kikundi na mraba wao, kijiko na brashi ya rangi, na hunyanyui kitu mpaka ukipime na ukichore. Hapo ndo vita huanza manake mtoto anataka hazina, hataki rula. Kijana mmoja kachomoa ushanga kaunyanyua juu kama kombe la dunia, "ticha nimepata!" Nikamuuliza ulikuwa tabaka gani, ulilala na sahani ama na kizibo? Kimya. Basi ni wa lini huo, wa juzi ama wa enzi za masultani? Hajui, na hakuna atakayejua tena, shimo halichimbwi mara mbili. Mimi sikuongeza neno, wenzake walimsema vya kutosha.

Saa 4. Basini kuelekea Gede, magofu ya mji wa kale wa Waswahili, kama kilomita 16 hivi barabara ya Mombasa. Nyimbo, kelele, mmoja katapika, twende mbele.

Saa 5. Gede yenyewe. Watu wa mbali washaijua, 2024 UNESCO wakaiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia, lakini nina watoto wanaokaa karibu kabisa na hawajawahi kuvuka geti, wengine bibi zao wamewakataza ati kuna majini. Sibishani na bibi wa mtu. Nawaambia tu tutapiga hodi.

Tukaanza na kaburi lenye tarehe, limeandikwa mwaka 802 Hijria, yaani 1399, wakaanza kutoa kwa vidole. Halafu msikiti mkuu, ikulu, na nyumba ambazo mwanaakiolojia James Kirkman alipochimba kuanzia 1948 alizipa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani, Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Simbi. Lakini walichokipenda zaidi ni vyoo. Wallahi. Vyoo vya mawe vya karne hizo, na pahali pa kujitawadha, wakajazana hapo mpaka mzee wa makumbusho akacheka akasema kila skuli ni hivihivi.

Binti mmoja akauliza swali ambalo lilinifanya nisimame: "Ticha, maskini walikaa wapi?" Haya sasa. Nikawaonyesha pale kati ya ukuta wa ndani na wa nje, msitu mtupu, nikawaambia watu wengi walikaa huku, nyumba za udongo na makuti, na udongo ukirudi ardhini hauachi gofu la kupigia picha. "Kama kwetu," akasema. Eeh, kama kwenu. Ndo maana kigae cha chungu cha kawaida nakipenda kuliko sahani ya China, kile ndicho walichopikia wengi.

Mwingine akaokota kigae njiani akakitia mfukoni. Nikamrudisha akiweke palepale, sheria ya makumbusho ya 2006 hairuhusu, na pia akumbuke ushanga wa asubuhi.

Saa 7. Chakula. Kima wa Gede hawana haya, wametuibia viazi karai mfuko mzima.

Saa 8. Kivulini, swali moja: mbona watu wa Gede wakahama mwanzoni mwa karne ya 17? Sitoi jibu, natoa ushahidi. Kisima cha msikiti mkuu kiliongezwa kina, kumaanisha maji yalikuwa yakishuka. Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, walipita pwani hii 1589. Waoromo walikuwa wakisukuma kutoka kaskazini. Mtawala wa Malindi naye akahamia Mombasa na Wareno mwishoni mwa karne ya 16. Watoto wakagawanyika, wa kisima ndio waliokuwa wengi na ndio waliopiga kelele zaidi, kundi dogo likasema "ticha kwani lazima iwe sababu moja?" Hao niliwapa maksi zote.

Saa 10 tumerudi skuli, wazazi wako getini, wanaulizana ni mtoto wa nani mwenye tope hivi.

Saa 3 usiku. Nasahihisha michoro. Wa ushanga amechora kila kitu alichokiona siku nzima na vipimo, mpaka kiazi kilichoibiwa na kima, futi ngapi kutoka mkobani. Wiki ijayo ni zamu ya Gredi 5 na vigae vimeniishia, kwa hivyo walioko Malindi, chungu ama sahani ikikuvunjikia usitupe, niandikie nije nichukue.