Fumba, Fumbua

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Juzi mpwa wangu wa kidato cha pili alinijia na daftari lake la Kiingereza. "Mjomba, mystery kwa Kiswahili ni nini?" Nikamjibu upesi: fumbo. Akaandika, akaenda zake. Mimi ndiye niliyebaki na neno.

Waingereza wa leo neno mystery wamelizoea kwenye hadithi za upelelezi: tajiri kauawa, nani kamuua, ukurasa wa mwisho jibu hilo, kwisha. Lakini lenyewe limetoka mbali. Lilipitia Kilatini, nacho kililipata kwa Wayunani, mysterion, kutoka kitenzi chenye maana ya kufumba, macho au mdomo. Kule Eleusis, karibu na Athene, walioingizwa katika ibada za Demeter, mungu wa kike wa mavuno, walikatazwa kabisa kusimulia waliyoyaona. Wakafumba.

Haya, tazameni lugha yetu. Fumbo limezaliwa na kufumba. Hatukuwaiga Wayunani, wala wao hawakutuiga, ila picha ni ileile. Mama anayemwambia mwanawe "fumba macho tusali" analigusa shina hilohilo bila kujua. (Na mtoto tunamjua: jicho moja limefumbwa, la pili linachungulia sahani.)

Paulo alilitwaa neno hilo la Wayunani, mysterion, akalifumbua. Anawaambia Wakolosai kwamba siri iliyofichwa tangu vizazi vyote sasa iko wazi, nayo ni Kristo ndani yenu. Hapo ndipo methali yetu inaponikwama kooni: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Katika Mathayo 11:25 Yesu anamshukuru Baba kwa kinyume chake: mambo haya amewaficha wenye hekima na akili, akawafunulia watoto wachanga. Mimi ninayejiona nimesoma kidogo, mstari huo haunipendezi sana, nikisema kweli.

Biblia ya kale ya Kilatini, kwenye Waefeso 5:32, paliposemwa juu ya mume na mke, ililiita fumbo hilo sacramentum. Ndilo neno tulilolirithi sisi, sakramenti.

Jumapili padre akisema "Fumbo la imani", sikilizeni kinachofuata. Hakuna anayefumba mdomo. Kanisa zima, hadi yule mzee wa benchi la nyuma ambaye nyimbo hazimtoki, linatangaza kwa sauti kifo cha Bwana na ufufuko wake.