Siku moja maishani mwangu: nyundo ya Ami na programu ya kuhariri video

Saa 11:30 alfajiri. Nimeshaswali, chai iko jikoni, na kazi ya kwanza ni kuhamisha video za jana kutoka kwenye simu hadi kwenye laptopu. Naishi Nungwi, kaskazini ya Unguja, na ninachokifanya mtandaoni ni kuwaonesha watu jinsi vyombo vya baharini vinavyoundwa: mashua, ngalawa, jahazi likitokea. Simu yangu ikirekodi kwa 4K inakula kama MB 350 kwa dakika moja. Jana nilirekodi dakika 40, kwa hiyo ni GB 14 za siku moja tu. Laptopu yenyewe ina RAM ya GB 8 na haina kadi ya picha ya peke yake. Nalitanguliza hili kwa sababu kila anayeniuliza, "Dada, unatumia programu gani?" nami humuuliza, "Wewe una mashine gani?"

Miaka miwili nimehariri kwenye simu. Mwezi uliopita simu ikateleza mkononi nikiwa ndani ya ngalawa, ikazama. Video nilizokwisha kuzitoa zipo kwenye chaneli, lakini miradi yenyewe, ile ambayo ningeweza kuifungua nikabadilisha kipande au nikasahihisha neno, ilikuwa ndani ya simu. Nililia. Simu ya sasa ni ya mtumba, na nimeapa kazi kubwa haitakaa tena mahali pamoja tu. Leo naamua programu ya laptopu.

Saa 1 asubuhi. Maji yamekupwa, ufuo mweupe hadi mbali. Ami yuko chini ya banda la makuti tangu mapema, mashua yake imeshasimamishwa mataruma, yaani mbavu za chombo, na sasa anapigilia mbao.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Jana uliichukua nyundo kwenye video?"

"Nimeichukua."

"Watu wanapiga picha tanga tu. Chombo kiko kwenye nyundo."

Akanionesha. Msumari wa kwanza aliupiga ukaingia kwenye taruma: sauti ikaanza nyembamba, pigo la tatu ikawa nzito, ya kushiba. Msumari wa pili aliukosesha taruma makusudi, ukalia mwembamba mpaka mwisho. Akaung'oa. "Mimi hapa naona kwa sikio," akasema. Hapo ndipo nilipojua programu yangu nitaipima kwa kitu gani.

Saa 3 asubuhi. Nimerudi nyumbani, mlango nimefunga.

Niseme zile nilizoziweka kando. Adobe Premiere hulipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Kipato changu hufuata msimu wa wageni, na ukifika mwezi wa masika sina uhakika hata wa bando. Siwezi kuifunga kazi yangu kwenye malipo yasiyosimama. Wapo wanaonishauri nichukue iliyochakachuliwa. Sitaki. Mbali na virusi, mimi mwenyewe huumia mtu akinyofoa video ya Ami na kuirusha kwa jina lake, basi nitawezaje kumfanyia mwingine hivyohivyo? Final Cut Pro, kwa upande wa kompyuta, ni ya Mac tu, nami sina Mac.

DaVinci Resolve nimeitumia kwa shoga yangu Mjini, ambaye mashine yake ina RAM ya GB 16 na kadi nzuri ya picha. Ninaipenda kwa dhati. Toleo la bure halibandiki nembo juu ya video yako na linatoa hadi Ultra HD, yaani 4K. Lile la kulipia, Studio, ni dola 295 mara moja, basi. Kwa kusawazisha rangi, ile bahari ya saa 6 mchana inayoungua kuwa nyeupe tupu, sijaona mfano wake kati ya nilizojaribu. Lakini programu hiyo inataka RAM ya GB 16, na laptopu yangu ina nusu yake. Siku nikipata mashine nitahamia.

Zimebaki mbili ambazo ni za bure kabisa na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma: Shotcut na Kdenlive. Zote mbili nimezipakua jana usiku kwa bando la usiku. Nikachagua klipu moja ngumu, dakika 11 mfululizo, Ami akipiga nyundo kuanzia kivulini mpaka jua linapoingia chini ya makuti.

Kwanza nikaiweka kama ilivyo kwenye Kdenlive, nikakataa kila ilichopendekeza, ili nione. Dakika ya kwanza ni sawa. Dakika ya 9 nyundo inagusa msumari, kimya, halafu "ko!" inafuata. Kwa anayetazama haraka ni kitu kidogo. Kwa video hii ni uongo, maana mtazamaji atasikia sauti ya msumari mmoja huku anaangalia mwingine.

Sababu yake ni simu. Simu nyingi hazirekodi fremu, yaani zile picha zinazofuatana ndani ya video, kwa mwendo mmoja: mwanga ukipungua hupunguza fremu kwa sekunde, mwanga ukirudi huziongeza. Programu ya kuhariri inahesabu kana kwamba ni fremu 30 kwa sekunde muda wote, na picha na sauti huanza kuachana taratibu. Dawa ni kuigeuza klipu iwe na mwendo mmoja kabla ya kukata chochote. HandBrake inaifanya kazi hiyo bure, ukichagua mwendo wa fremu usiobadilika. Kdenlive na Shotcut zenyewe hukuonya ukiingiza klipu ya aina hiyo na kukuuliza kama zikugeuzie. Safari hii nikakubali. Dakika ya 9, nyundo na mlio pamoja. Nilirudia mara sita, kidole kwenye kitufe, nikiangalia mawimbi ya sauti yanavyopanda palepale chuma kinapogusa chuma.

Zote mbili zilifaulu hapo. Shotcut ni nyepesi kujifunza, na anayeanza leo ningemwambia aanze nayo. Mimi nimebaki na Kdenlive kwa sababu mpangilio wake umeshika mkono wangu upesi, na kwa namna inavyotengeneza nakala ndogo za klipu, ziitwazo proksi. Unakata kwa kutumia nakala hizo, zangu zina upana wa pikseli 640, na wakati wa kutoa video ya mwisho inarudi kwenye klipu kubwa za asili. Laptopu iliyokuwa ikikwama kila sekunde mbili sasa inatiririka.

Kitu kingine kimenituliza roho. Faili la mradi ni maandishi ya XML, unaweza kulifungua hata kwenye Notepad. Ni dogo. Nalinakili kwenye flashi, nalituma kwa barua pepe, na klipu zenyewe zinakwenda kwenye diski ya nje inayolala kwa mama.

Saa 6 mchana. Umeme umekatika. Betri ina saa mbili, nikaendelea.

Saa 8 mchana. Kipande cha keekee. Ami anatoboa ubao kwa uta, anavuta na kurudisha, kamba inazungusha chuma, unga wa mbao unadondoka juu ya kanga yangu. Nilitaka kukiweka sekunde 10, nikakiacha sekunde 48 bila muziki.

Saa 10 alasiri. Umeme umerudi. Nimetoa video fupi ya wima, dakika 1 na nusu. YouTube Shorts tangu Oktoba 2024 inapokea hadi dakika 3. Hiyo naimalizia kwenye simu kwa CapCut, kwani maandishi makubwa na mikato ya haraka huko ni rahisi. Maneno nayaandika kwa mkono wangu: taruma, mkuku, tezo, kalafati. Watoto wa skuli hapa Nungwi wanaitazama chaneli hii, na baadhi ya maneno haya hawayasikii popote pengine.

Saa 12 jioni. Nimeanzisha kurenda, yaani kutoa faili la mwisho la video ndefu, dakika 14. Laptopu imepata moto, nimeinyanyua juu ya vifuniko viwili vya chupa ili hewa ipite. Inachukua muda wa saa 1 na dakika 50 hadi kwisha.

Saa 3 usiku. Kwenye baraza ya Ami, laptopu juu ya mkeka, wajukuu wamejazana. Alinyamaza mwanzo mpaka pale msumari wa kwanza unapoingia. Akainua kiganja.

"Rudisha hapo."

Nikarudisha. Akafumba macho, akasikiliza pigo la kwanza, la pili, la tatu.

"Huo umeshika," akasema. "Mwengine."