Uingereza spea ya Land Rover si ghali, ghali ni mkono wa fundi

Katika karatasi za makadirio za karakana za hapa Uingereza kuna mstari unaoniudhi kila ninapouona: "Spea na ufundi, kwa pamoja." Mwenye Land Rover ya 1974 anatajiwa maelfu ya pauni kwa kusuka upya injini ya silinda nne, kisha chini kabisa, kwa herufi ndogo, anaambiwa VAT ya asilimia 20 bado haijaongezwa. Ndugu zetu wengine wanakopa na kulipa. Wengine wanakata tamaa, na gari linaozea uani chini ya turubai. Ukilazimisha makadirio yachambuliwe, unakuta spea zenyewe ni sehemu ndogo, na kilichobaki karibu chote ni saa za fundi. Kwetu Afrika Mashariki ni kinyume. Fundi wa Gerezani, kule Dar, mtaelewana, kinachokutoa jasho ni beringi: ndani ya boksi kuna mali ya kweli, au lililo halisi ni boksi peke yake?

Kwa hiyo hapa hesabu inageuka. Kazi ya mkono ifanye mwenyewe, kazi ya mashine lipia, na usinunue spea hata moja kabla ya kupima.

Nazungumzia injini ya petroli ya lita 2.25, ile ya cc 2286 iliyoingia na Series II mwaka 1958 na kudumu hadi Series III ilipofika mwisho mwaka 1985. Kwetu haihitaji utambulisho. Kwa kuwa zilitengenezwa kwa wingi, karibu kila kitu cha ndani yake bado kinauzwa kipya, na Uingereza ndiyo nchi yenye wauzaji wengi zaidi wa vitu hivyo, kuanzia maduka makubwa ya kuagiza kwa posta kama Paddock Spares wa Matlock hadi mzee mwenye stoo moja nyuma ya nyumba. Ushindani huo ndio unaoshusha bei, na ni nafasi ambayo sisi tuliotoka Afrika Mashariki tungepaswa kuitumia kuliko wote.

Mtego wa kwanza ni kutojua unanunulia injini gani. Hadi mwaka 1980 krenki ya injini hii, shafti inayozungushwa na pistoni, ilikaa juu ya meni tatu, yaani beringi kuu tatu, baada ya hapo zikawa tano. Krenki, beringi na sili ya nyuma ya aina moja haviingii kwenye nyingine. Kuna pia silinda hedi za mgandamizo wa 7:1 na za 8:1. Usiamini mwaka ulioandikwa kwenye V5C, hati ya usajili wa gari ya huku, kwa sababu miaka arobaini inatosha gari kubadilishwa injini mara mbili. Soma namba iliyogongwa kwenye bloku yenyewe, mbele upande wa kushoto karibu na manifoldi ya ekzosi, na muuzaji mtajie hiyo. Ukimwambia "nina Series III" tu, atakutumia kinachouzika sana, nawe utalipa posta ya kukirudisha.

Sasa kupima. Maikromita ya nje ya inchi 2 hadi 3 inatosha kwa shingo zote za krenki, yaani sehemu zinazozunguka ndani ya beringi, za meni na za bigendi (zinaposhika konrodi). Kila shingo ipime karibu na ncha zake mbili, na kila mahali pima mara mbili kwa kukingamanisha, maana shingo ikichakaa haibaki duara. Silinda zinahitaji geji ya saa ya kupimia kipenyo cha ndani. Pima juu, chini kidogo ya ule ukingo ambao ringi hazikuufikia, kisha katikati, kisha chini, kila mahali kwa urefu wa bloku na kwa upana wake. Kipenyo cha kiwandani ni milimita 90.47. Uchakavu mkubwa utaukuta juu, kwenye upande ambao pistoni husukumwa wakati wa kulipuka. Tofauti kati ya juu na chini ikifika inchi 0.010, ringi mpya peke yake hazitakusaidia. Zitashika mafuta kwa muda mfupi, kisha moshi wa buluu utarudi.

Kabla ya kutupa beringi kuukuu, zigeuze usome mgongoni. Kuna maandishi: STD, yaani saizi ya kiwanda, au 010, 020, 030, yaani elfu za inchi ambazo krenki imeshapunguzwa (andasaizi). Hapo ndipo pesa nyingi huokoka. Mtu huona seti kamili imepunguzwa bei, pistoni, ringi, beringi, gasketi na cheni, akaibeba yote. Akifungua injini anakuta krenki ilishachongwa hadi andasaizi ya 0.020 miaka mingi iliyopita, na beringi alizonunua ni za saizi ya kiwanda. Akizifunga hivyo hivyo shingo inacheza ndani ya beringi, presha ya oili haipandi, na ndani ya wiki chache injini inaanza kugonga. Seti ya bei nafuu imegeuka hasara, na muda wa kurudisha mali umepita.

Mpangilio wa ununuzi una kanuni mbili zinazopingana, na ni lazima uzishike zote. Pistoni nunua kabla ya kuchonga silinda. Mchongaji makini hatagusa bloku mpaka azipime pistoni zako, kwa sababu anachonga kufuata pistoni iliyo mkononi pamoja na nafasi aliyoitaja mtengenezaji wake, na watengenezaji wawili wa ovasaizi (pistoni iliyoongezwa unene) ileile ya 0.020 wanaweza kutofautiana. Krenki ni kinyume: peleka kwanza, mwenye mashine akuambie itasafika kwa saizi ipi. Kabla hajawasha jiwe, piga simu uhakikishe beringi za saizi hiyo zipo za kampuni unayoiamini. Zikiwepo, mwambie achonge, kisha nunua. Andasaizi zinazopatikana huenda hadi 0.040. Krenki iliyovuka hapo itakulazimu kutafuta nyingine. Silinda zenyewe zikishavuka ovasaizi ya 0.040, huingizwa laina, yaani bomba jipya la chuma ndani ya silinda, na kurudishwa kwenye kipenyo cha kiwanda. Kazi hiyo ina bei yake, lakini bloku iliyowekwa laina vizuri ni mali kabisa, watu wasikutishe.

Upande wa wauzaji, jifunze kusoma namba za spea. Namba moja inaweza kuuzwa kwa bei tatu: halisi ya kampuni, ambayo wauzaji wengi huitia herufi G mwishoni, ya kiwanda kilichokuwa kikiwatengenezea Land Rover, inayouzwa kwa jina la kiwanda hicho, na ya boksi la muuzaji, ambayo mtengenezaji wake hatajwi. Ya kati ndiyo ya kuwindwa. Kwenye beringi uliza moja kwa moja kama ni Glyco, King au Vandervell, kwenye gasketi uliza Payen au Elring. Muuzaji anayeijua mali yake hujibu papo hapo. Anayesema "zote ni sawa tu", mshukuru ukate simu.

Si kila kitu kinastahili pesa ya namna hiyo. Kifuniko cha valvu, sampu, manifoldi, mabano ya altaneta na puli nunua mitumba bila wasiwasi. Mnada wa vipuri wa Beaulieu, kule Hampshire kila Septemba, ni mahali pazuri, na vilabu kama Land Rover Series 2 Club vina wanachama wenye stoo zilizojaa ambao humuuzia mwenzao kwa bei ya kistaarabu. Ada ya klabu hurudi haraka, kwani wapo wauzaji wanaowapa wanachama punguzo. Beringi za zamani ambazo hazijawahi kutumika, zikiwa bado kwenye karatasi yake ya nta na hazina kutu, ni bahati njema. Sili ya mpira ya zamani usiiguse, hata ukipewa bure, mpira huzeeka ukiwa rafuni.

Mahali pasipofaa kubana pesa ni sili ya nyuma ya krenki. Kwenye injini ya meni tatu sili hiyo ina vipande viwili, na kifuniko cha meni ya nyuma kina sili zake mbili za pembeni zenye umbo la T. Za bei ya chini huvuja, oili inadondokea klachi, na kuibadilisha maana yake ni kutoa giaboksi au injini tena. Unapozifunga, lainisha kwa msasa kingo kali za kifuniko, vinginevyo zitanyoa mpira wakati kinaingia. Pia rota na kondensa za distribyuta: kuna rota za siku hizi zenye ribiti ambazo umeme huvujia kwenye shafti, injini inazima ikipata moto, na mtu anaanza kuilaumu kabureta.

Kuna gharama mbili ambazo watu huuziwa bila sababu. Ya kwanza ni oili maalumu yenye zinki nyingi. Hoja ya zinki ni ya injini ambazo tapeti zake ni bapa na zinasugua kemshafti. Injini hii ina tapeti za rola, oili nzuri ya kawaida ya 20W-50 inaitosha. Ya pili ni siti ngumu za valvu, kwa hofu ya petroli isiyo na risasi. Kwanza tazama hedi: kama siti ya ekzosi ni pete iliyopachikwa, mstari wake utauona. Kama si pete lakini haijazama, safisha, saga valvu, funga, kisha fuatilia nafasi ya tapeti, ambayo ni inchi 0.010. Siti inayoliwa huifanya nafasi hiyo izidi kupungua kila unapopima. Isipopungua, pesa yako imebaki mfukoni. Kupima hedi kama ina ufa na kuipiga fesi, yaani kusawazisha uso wake, hapo lipa bila kubishana.

Kwa kazi ya mashine, tafuta karakana zinazochonga injini za matrekta kwenye miji midogo ya mashambani. Mashine ni zilezile, ila hulipii jina la magari ya kale lililoandikwa mlangoni. Peleka bloku imefumuliwa, imeoshwa, plagi za njia za oili zimetolewa, kwa sababu kila saa anayotumia kukuoshea ni saa ya fundi. Ikirudi, ioshe tena kwa maji ya moto, sabuni na brashi ndefu, silinda na njia zote za oili, kisha ipake oili hapo hapo. Vumbi la jiwe likibaki ndani humaliza beringi mpya haraka kuliko kitu kingine chochote. Pengo la ringi lipime ringi ikiwa ndani ya silinda yake: lisipungue inchi 0.004 kwa kila inchi ya kipenyo, yaani kama 0.014 hapa. Krenki icheze mbele na nyuma kati ya 0.002 na 0.006. Bolti za hedi zifikishe futi-pauni 65 kwa awamu, ukianzia katikati.

Wadogo zangu mnaowaza kuja huku na ufundi wenu, nawaambia hili kwa fahari: mkono wa mtu aliyefunza macho na masikio kwenye injini kuukuu huku ni adimu, na wazee wa mashine wanastaafu bila wa kuwarithi. Lakini njooni mkijua kusoma maikromita kwa elfu ya inchi, na kutofautisha nyuzi za bolti za UNF na za BSF kwa geji, maana Land Rover za zamani zina zote mbili. Fundi anayebahatisha kwa mkono hapati kazi ya pili.

Spea za kutoka nje ya Uingereza mara chache zina faida. Mzigo unaozidi pauni 135 hudaiwa VAT unapofika, huenda na ushuru, na msafirishaji anaongeza ada yake ya kuutoa. Ukinunua injini nyingine badala ya kusuka yako, iwe ya aina ileile na uwaarifu DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, namba mpya. Gari lililofikisha miaka 40 halilipi kodi ya barabara wala halilazimiki kukaguliwa MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka, mradi halijabadilishwa sana, na injini ya aina ngeni inaweza kukupotezea haki ya kutokaguliwa.

Na anayenunua ili apeleke nyumbani: ukilipia kaunta na kutia kwenye begi, VAT hairudi, utaratibu wa kuwarejeshea wasafiri ulifutwa mwaka 2021. Mwombe muuzaji asafirishe mwenyewe moja kwa moja hadi Dar au Mombasa. Mali inayotoka nchini kwa mkono wake anaweza kuiuza bila VAT, ila wapo wasiotaka usumbufu wa makaratasi, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.