Run out of, put up with, come down with: maneno madogo yanayowachosha vijana wetu wa mlimani

Kwa mtu anayefanya kazi na wageni wanaopanda Kilimanjaro hapa Moshi, Kingereza kigumu sio kile cha maneno marefu. Vijana wengi wa mlimani wanajua altitude, wanajua tolerate, wanajua postpone, maana hayo wamekutana nayo darasani au kwenye semina. Kinachowaangusha ni vile vijineno vifupi, up, down, out, on, with, of, to, hasa vikija viwili kwa mpigo nyuma ya kitenzi kimoja. Put up with. Run out of. Catch up with. Kila kimoja peke yake hata mtoto wa shule ya msingi anakijua, ila vikikaa pamoja mtu mzima anabaki anatabasamu na kuitikia yes yes huku hajaambulia kitu.

Jioni huwa nakaa na vijana wachache wapagazi, wagumu kama wenyewe wanavyojiita, wanaotaka kusogea wawe waongoza wageni, na hii ndo mada ninayoipenda kuliko zote kwa sababu naamini kabisa tunaifundisha vibaya. Tunampa mtu karatasi yenye orodha ndefu, huku msemo huku maana yake, haya kariri. Anakariri, wiki ijayo imepotea yote. Wakati ndani yake kuna mpangilio, na sisi waswahili tuna bahati maana mpangilio huo tunao kwenye lugha yetu, tumeuweka mahali pengine tu.

Vile vijineno viwili havifanyi kazi moja. Cha kwanza ni kielezi, ndo kinabeba picha ya jambo: kupanda, kushuka, kutoka, kuisha. Cha pili ni kihusishi, chenyewe kazi yake ni kumleta mtu au kitu kinachohusika. Chukua run out of. Mpishi akisema "the sugar has run out" amemaliza, sukari imeisha. Akitaka kuanza na sisi, "we have run out of sugar", hapo ndo of inaingia ili iishike ile sukari. Sasa geukia Kiswahili: sukari imeisha, tumeishiwa sukari. Umeona? Sisi mabadiliko yote tumeyafanya ndani ya kitenzi, isha ikawa ishia ikawa ishiwa, zile kauli za kutendea na kutendwa tulizosoma sekondari tukidhani ni za mtihani tu. Mwingereza hana kitenzi cha kunyambulika namna hiyo kwaiyo anavipanga vijineno vyake nje, nyuma ya kitenzi, na kazi inafanyika vilevile.

Mnyambuliko huo huo uko kwenye catch up. Mgeni anasema "go ahead, I'll catch up", tangulieni nitafika. Akitaka kukutaja wewe anaongeza with, "I'll catch up with you", nitakufikia. Fika, fikia. Keep up, kwenda sambamba na wenzako, nayo hivohivo, unaweza kuishia hapo au ukaongeza with the group.

Kwaiyo nawaambia vijana, ukikutana na msemo wa maneno matatu, kata lile la mwisho uone kama maana imebaki palepale. Ikibaki, huna cha kukariri, umeshaelewa. Shida inakuja kwa ile ambayo ukiikata inageuka kitu kingine kabisa. "Put up the tent" ni kusimamisha hema, kazi ya kila siku ya mgumu. "Put up with the tent" ni kulivumilia hema, yani linavuja au ni dogo na mgeni ameamua anyamaze. Get away ni kutoka ukaenda mbali, get away with ni kufanya kosa na usifanywe kitu. Hizi hakuna ujanja, zimeze nzima nzima, kama tulivyozimeza piga pasi, piga deki, piga mswaki na hakuna anayeuliza nani kapigwa.

Ambayo naisisitiza kuliko zote ni come down with, na hapa naomba kila anayefanya kazi mlimani asome taratibu. Come down ni kushuka, na huku kwetu kushuka ni kushuka kweli, mtu anashuka toka kambi ya Kibo anakuja kambi ya Horombo, anashuka mpaka getini Marangu. Lakini "come down with" ikifuatwa na ugonjwa maana yake ni kuugua. Fikiria ujumbe umeingia ofisini, "one client came down with a bad headache at Horombo". Anayeisoma harakaharaka anaona down, anadhani mgeni ameshashushwa yuko njiani, anatulia. Kumbe mgeni bado yuko mita 3,720 na kichwa kinamuuma, na maumivu ya kichwa kule juu sio kitu cha kusubirisha. Angalia neno linalofuata with. Likiwa mtu, "came down with his guide", ameshuka naye. Likiwa ugonjwa, ameugua, na haijasemwa popote kwamba ameshuka.

Alafu kuna suala la masikio. Mwingereza akitamka hii misemo anakaza kile kielezi na kukimeza kihusishi, put UP with, run OUT of, na ile of inaweza kubaki a tu, unasikia kama auta. Kijana anasubiri asikie of ilivyo kwenye karatasi, haiji, anapotea. Mimi nawasomesha kwa sauti, karatasi tunaweka pembeni.

Na wasijione wajinga, hii shida ni ya zamani. Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi ya Kingereza, kwenye dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alishaandika kwamba hivi vitenzi vyenye vijineno nyuma ndo vinawapa wageni wa lugha hiyo taabu kubwa kupita zote. Historia nayo inachangia: baada ya Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066 lugha ya wakubwa ikawa Kifaransa, baadae wasomi wakaleta Kilatini kingi, na vitenzi vifupi vya kienyeji vikaendelea na maisha yake majumbani na mashambani. Ndo maana tolerate na put up with zote ni kuvumilia, ila tolerate iko kwenye barua na put up with iko mdomoni. Shule zetu zinatupa cha kwenye barua, mgeni anashuka uwanja wa ndege wa KIA na cha mdomoni.

Kitu kingine, imeili. Karibu kila ofisi utakuta imeandikwa "we look forward to meet you". Ile to sio ile inayokaa mbele ya kitenzi kama ku- yetu, ile ni kihusishi, kinataka jina. Jaribu kuweka jina, "look forward to Friday", limekaa vizuri, basi kitenzi nacho lazima kivae -ing kikae kama jina: look forward to meeting you.

Ya mwisho ni ile ambayo mtu anakaa katikati kabisa ya msemo. Kijana mmoja alimkaribisha mgeni wakishuka wapitie Marangu waonje mbege, pombe yetu ya ndizi, mgeni akajibu kwa furaha "I'll take you up on that". Kijana kasikia take you up, akadhani mgeni anataka kupandishwa tena mlima, akaanza kumweleza habari za vibali na bei. Mgeni alikuwa amekubali mbege. Take someone up on ni kuukubali mwaliko, anayewekwa katikati ni aliyekualika, na baada ya on ndo unautaja mwaliko wenyewe. Ziko chache za namna hii, let someone in on ni nyingine, kumshirikisha mtu siri, na hizo nimeshawaambia tutazifanya peke yake jioni moja nzima.