Tulivyoomba vyuo vya Marekani bila kugusa mtaji wa mama

Mdogo wangu alipoingia mwaka wa sita wa sekondari na kusema anataka kusoma Marekani, ofisi moja ya hapa Lubumbashi ilituomba dola mia kadhaa za kufungua dosye (faili) tu. Mtihani na ada za vyuo vingekuja baadaye. Mama anauza dagaa wa kapenta na mboga soko la Kenya, hapahapa mjini, na pesa hiyo ni mtaji wake wote. Nikamwambia mdogo wangu aniachie simu yangu na jioni zangu, tutafanya wenyewe.

Tulianza na SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, kwa sababu ndiyo kila mtu anayoitaja. Kwa anayefanyia nje ya Marekani, ada yake inapita dola 100. College Board, shirika lenye mtihani huo, ina msamaha wa ada, lakini ni wa wanafunzi walioko Marekani na wa raia wao wanaoishi nje. Mtoto wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, hayumo. Basi badala ya kuhangaika na msamaha, tukatafuta vyuo visivyolazimisha mtihani huo. Shirika la FairTest linaweka orodha yake bure kwenye intaneti, na ni ndefu kuliko nilivyodhani. Bowdoin haijaulazimisha tangu 1969, Bates tangu 1984, Mount Holyoke tangu 2001. MIT iliurudisha 2022, tukaifuta. Kuna mtego mmoja hapo: vyuo vya University of California havitazami SAT hata ukiwa nayo, na vijana wengi hukimbilia huko. Lakini mgeni hasamehewi ada ya maombi, na msaada wa karo anaoweza kupata ni kidogo mno. Nafuu ya mwezi mmoja, deni la miaka minne.

Kwa hiyo kabla ya kuangalia uzuri wa chuo tulikipitisha kwenye maswali matatu: kinalazimisha SAT? Kinatoza ada ya maombi? Kinampa mgeni msaada wa karo? Colby, Grinnell, Kenyon na Smith havitozi chochote kupokea maombi, na vyote vina msaada kwa wageni, ingawa nafasi ni chache na ushindani ni mkali. Hivyo vikawa uti wa mgongo wa orodha yetu.

Kwa vyuo vinavyotoza, fomu ya Common App, ile moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, ina sehemu ya kuomba msamaha wa ada. Unachagua sababu, na moja ya sababu ni kwamba mtu wa shule au kiongozi wa jamii anaweza kuthibitisha kwa maandishi kwamba familia haina uwezo. Huyo kwetu ni prefe, mkuu wa shule. Nilimkuta ofisini na rundo la mabuletini ya alama za wanafunzi mbele yake, nikamweleza.

"Mwanangu," akasema, "hao watu hawataleta fakture ya kudai pesa hapa shuleni?"

Nikamwapia kwamba hawataleta. Hakuwa na barua pepe ya kazi. Tukamfungulia palepale, akaandika neno la siri kwenye karatasi na kulifungia kwenye kabati la masanduku ya mitihani. Ujumbe wa Common App wa kumwalika ulikuwa umeangukia kwenye folda ya taka (spam). Yeyote atakayefuata njia hii amwambie prefe wake atazame huko kwanza. Vyuo viwili vilivyotaka uthibitisho zaidi niliviandikia mwenyewe, mistari minne: sisi ni nani, mama anafanya kazi gani, anaingiza kiasi gani kwa mwezi, tunaomba msamaha wa ada. Kimoja kilijibu kesho yake kwa namba ya siri ya kuingiza mahali pa kulipia.

Ila kazi kubwa ya prefe haikuwa msamaha. Buletini za mdogo wangu zilikuwa na asilimia 72 na 74. Kwetu hiyo ni distinction, mzazi anachinja kuku. Mmarekani akiona 72 anaona mwanafunzi wa wastani, basi. Tulikaa na prefe tukaandika ukurasa mmoja unaoeleza shule: alama zinatolewaje, darasa lina watu wangapi, ni wangapi waliofika 70, na kwamba matokeo ya Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, yatatoka baada ya mwaka wa masomo. Kwa mtoto asiye na SAT, naona karatasi hiyo ina uzito kuliko insha ya maombi. Buletini zenyewe zilitafsiriwa na mwalimu wa Kiingereza, prefe akagonga muhuri kila ukurasa, na vyuo tulivyoviandikia vilikubali. Mtafsiri wa mjini alitaka alipwe kwa ukurasa.

Kiingereza hatukukikwepa. TOEFL, mtihani wa Kiingereza, inapita dola 200 sehemu nyingi. Duolingo English Test ni karibu dola 70, inafanyiwa nyumbani, na matokeo unayatuma kwa vyuo vyote unavyotaka bila kuongeza kitu. Hiyo tulilipa. Niliazima chumba kwa rafiki mwenye jenereta kule mtaa wa Golf, maana mtihani unachukua saa nzima na kamera ikimwona mtu mwingine chumbani unaweza kufutwa. Watoto wake tuliwatuma dukani.

Fomu ya msaada wa karo, CSS Profile, inatoza dola 25 kwa chuo cha kwanza na 16 kwa kila kinachofuata, na msamaha wake ni wa Wamarekani. Hapa tena ni kuandika barua pepe. Vyuo vingine vilitupa namba ya kutolipia, vingine vilipokea fomu ya bure ya wanafunzi wa kigeni iitwayo ISFAA. Zote zinauliza mapato ya mzazi kwa mwaka, na mama hana karatasi ya mshahara. Tulichukua daftari lake la madeni, tukahesabu mauzo, tukatoa bei ya mzigo, usafiri na kodi ya meza, tukageuza franga kuwa dola. Aliposikia jumla alikataa. "Hesabu tena, haiwezi kuwa ndogo hivyo." Tukahesabu tena, ikawa ileile. Chifu wa kartie, yaani mtaa wetu, akatuandikia cheti cha kuthibitisha kazi yake.

Jibu lilikuja Machi: vyuo vingi hapana, kimoja ndiyo, na msaada unaofunika karo, chakula na malazi. Kilichobaki ndicho kigumu: ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350, viza dola 185, safari ya Kinshasa kwenye ubalozi. Kwa SEVIS tulikiomba chuo, kikalipa. Viza na tiketi ya Kinshasa ni changizo la familia, na mjomba wa Likasi bado hajatoa sehemu yake.

Common App hufunguka upya 1 Agosti. Prefe ameshaniuliza kama naweza kuwakalisha watoto wa mwaka wa sita Jumamosi moja. Nimemwambia waje na buletini zao zote, na kila mmoja awe na barua pepe anayoikumbuka.