Mtoto wa Kamba

Jumapili, usiku.

Nimeitazama trela kwa mara ya saba. Ya kwanza niliitazama kama mtu mwingine yeyote. Ya pili nikazima sauti, kama nilivyozoea kwa sinema za ngumi, maana ule mshindo unaoongezwa studio unaweza kulifanya kofi la uvivu lionekane pigo la kuua. Sauti ikizimwa, inabaki miili tu, na hapo ndipo unapojua nani anapiga na nani anaigiza kupiga. Tangu ya tatu nimekuwa nikihesabu mikato ya kamera, yaani pale picha moja inapokatwa na kuingia nyingine, nikapotea, nikaanza upya. Najua ni kazi ya bure. Trela zote hukatwakatwa. Lakini mtu anayesubiri hana kazi nyingine.

Filamu ni The Furious, ya Kenji Tanigaki. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto Septemba 2025, katika safu yake ya sinema za usiku wa manane, na tangu hapo naishi kwa kuziba masikio. Nikiona mtu ameanza kusimulia, nageuka. Ninachokijua kinanitosha: binti ametekwa, baba anaenda kumtafuta. Kisa hicho tumekiona mara mia, na wala hakinisumbui. Kisa katika sinema ya ngumi ni kama msumari ukutani. Kinachotazamwa ni kilichotundikwa.

Ninachokisubiri hasa ni kumwona Xie Miao akiwa baba.

Wenye kumbukumbu watanielewa haraka. Mwaka 1995 alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, akicheza kama mwana wa Jet Li, nyota wa sinema za ngumi, katika My Father Is a Hero. Kwenye pambano la mwisho, Jet Li anamfunga mwanawe kamba na kumtumia kama silaha: anamzungusha, anamrusha kwa adui, mtoto anatua na mateke yake, kisha anavutwa arudi. Ukieleza hivi kwa maneno, mtu anacheka. Ukiitazama, unacheka pia, halafu kicheko kinakatika, kwa sababu yule mtoto anapiga kweli. Nyonga inageuka kabla ya mguu, macho hayaachi shabaha. Hilo hufundishwi siku moja kabla ya kurekodi.

Niliiona nikiwa mdogo, na nilimwonea wivu ambao sikuwahi kumwambia mtu. Wivu haukuwa wa mateke. Niliwaonea wivu wote wawili, baba na mwana, kwa jinsi walivyoaminiana. Fikiria kurushwa hewani na mtu ambaye huna shaka atakuvuta urudi salama. Baada ya hapo nilijifunga kamba kiunoni na kumwomba kaka yangu anizungushe. Alikubali upesi mno, na hilo lilipaswa kunishtua. Sitaendelea na habari hiyo.

Sasa Xie Miao ndiye baba. Miaka 30 imepita na zamu ya kutafuta na kuokoa imemfikia yeye. Tulizoea kuambiana kwamba steringi hafi, na tulikuwa sahihi kwa kiasi kikubwa, ila hakuna aliyetutahadharisha kwamba steringi anazeeka. Nimesimamisha picha kwenye uso wake na kuutafuta ule uso wa mtoto. Upo. Umejificha kwenye taya.

Nadhani ndiyo maana kungoja filamu ya namna hii si sawa na kungoja nyingine. Filamu ya majini na maroketi nayo huwa naisubiri, lakini jini anatengenezwa kwa kompyuta, na mwakani atatengenezwa mwingine mkubwa zaidi. Mpiganaji ana magoti mawili tu. Kila filamu inakula sehemu yake ya magoti hayo, na sisi tunaokaa tukihesabu mikato tunajua fika tunachokula. Nikimwona mtu anaangukia mgongo kwenye ngazi, kuna sehemu yangu inashangilia na sehemu nyingine inauliza kama aliinuka mwenyewe.

Halafu kuna Joe Taslim na Yayan Ruhian, waigizaji wa Indonesia, wote wawili ndani ya filamu moja. Hapa nakiri naota ndoto za mchana. Katika The Raid ya mwaka 2011, Taslim alikuwa sajini wa polisi na Ruhian alikuwa Mad Dog, yule mtu mdogo wa umbo anayeiweka bastola kando kwa sababu anaona kuua kwa risasi hakuna ladha. Taslim aliwahi kuwa mwanajudo wa timu ya taifa ya Indonesia. Ruhian ametokea kwenye pencak silat, sanaa ya mapigano ya Indonesia. Mmoja anashika na kubwaga, mwingine anajipenyeza kwa viwiko na magoti. Walipopambana, Taslim, mkubwa kwa umbo, alishindwa, na alivyoshindwa sijawahi kusamehe moyoni. Miaka yote hii nimekuwa nikidai marudiano kana kwamba ni mchezo wa ligi. Wakikutana hata kwa dakika moja, nitasimama kitini na sitajali aliye nyuma yangu.

Hofu ipo. Niliwahi kuingoja filamu moja kwa miaka miwili, nikawashawishi rafiki zangu wote, nikawachagulia viti. Taa zilipozimwa tukaonyeshwa kamera inayotetemeka, chumba chenye giza, na mikato mitatu kwa kila ngumi. Mguu unanyanyuka katika picha moja, mtu anaanguka katika nyingine, na pigo lenyewe halimo katika picha yoyote. Tulitoka kimya. Mmoja wao hunikumbusha hadi leo kila ninapomwambia kuna filamu nzuri inakuja.

Kinachonituliza ni jina la Tanigaki. Ni Mjapani aliyekwenda kujifunza kazi Hong Kong kama stantimeni, yule anayefanya matukio ya hatari mbele ya kamera, akafanya kazi miaka mingi bega kwa bega na Donnie Yen, nyota wa sinema za ngumi wa huko, kisha akapanga mapigano ya Rurouni Kenshin, filamu ya Kijapani ya mwaka 2012, ambamo watu wanakimbia wameinama chini kiasi kwamba panga zinaonekana kutoka sakafuni. Mapigano ya Twilight of the Warriors: Walled In ya mwaka 2024 nayo ni kazi yake. Watu wa shule ya Hong Kong hawapigani kwanza ndipo watafute kamera iwekwe wapi. Kila pigo linapangwa pamoja na mahali pa kulitazamia. Hata wanapodanganya, wanadanganya kwa ustadi: kamera inarekodi picha 22 kwa sekunde badala ya 24, ikionyeshwa mwendo unaongezeka kasi kidogo tu, jicho linameza bila kuuliza. Kasi ikizidi hapo watu wanageuka kuku. Nimewaona kuku wengi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Wanipe miguu. Nione wapi mtu amesimama kabla hajapiga, na baada ya kupigwa ameangukia wapi. Uchovu nao uonekane, maana hakuna kinachonikera kama steringi aliyepigana na watu thelathini bila kuhema. Mengine yote, muziki, maneno, hata mwisho wenyewe, wafanye wapendavyo.

Nilikuwa nimepanga kulala mapema. Badala yake nimeitafuta tena ile ya mwaka 1995 na kuruka moja kwa moja hadi pambano la mwisho. Nimezima sauti. Kamba inakaza, mtoto anapaa juu ya kichwa cha baba yake, amekunja miguu, na kwa muda mfupi kabla hajalifikia lengo anageuza shingo kidogo, kama anayehakikisha kwamba mwenye kamba bado ameishika. Sikuwahi kuliona hilo. Nimerudisha nyuma mara tatu kuwa na hakika, na sasa ni saa nane.